Ukurasa wa Mama Mdogo

Jumatatu saa nne asubuhi Masjala alifuta kitambaa cha plastiki cha meza ya kulia, akapanga juu yake mkasi, rula ya chuma, chupa mbili za gundi nyeupe na kitabu alichokitengeneza mwenyewe kwa majalada ya kazini yaliyokwisha muda wake. Kitabu kilikuwa kipana kama sinia. Kurasa zake zilikuwa tisa, za karatasi ngumu, na kila ukurasa ulikuwa na jina juu, limepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

Masjala halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa karani wa masjala, mtunza majalada ya ofisi, kwa miaka thelathini na sita, na siku aliyostaafu jina lilimfuata nyumbani. Sasa alikuwa na miezi minne bila kazi. Katika miezi hiyo alikuwa ameshapanga viungo vya jikoni kwa alfabeti, ameshaipa namba kila ndoo ya nyumba, na mara mbili alikuwa amemwambia mama yake aweke ombi lake kwa maandishi. Kwa hiyo alipotangaza kwamba atatengeneza kitabu cha kumbukumbu kwa ajili ya sherehe ya Mama kutimiza miaka themanini na mitano, familia nzima ilishusha pumzi.

Masharti yalikuwa mepesi. Kila mtu alete kitu kimoja chenye maana maishani mwake na asimulie kisa chake. Masjala atakibandika kitu hicho, kisha aandike kisa chini yake. Kisa kisizidi ukurasa mmoja. Vyakula havipokelewi.

Alianza na aliyekuwa karibu. Mama Mdogo, ndugu wa Mama wa kufuatana naye, alikuwa jikoni anamenya viazi. Mama Mdogo alikuja katika nyumba hiyo kusaidia kwa wiki mbili, wakati mtoto wa mwisho alipozaliwa. Mtoto huyo sasa alikuwa na miaka hamsini. Mama Mdogo alilala stoo, kati ya cherehani na masanduku ya watu wengine, na begi lake lilikuwa bado limening'inia nyuma ya mlango kwa sababu hakutaka kuonekana kama mtu aliyekuja kukaa.

"Mama Mdogo, na wewe lete kitu chako," Masjala alisema.

"Kitu gani?"

"Chochote. Kitu chako chenye maana."

Mama Mdogo alikitazama kisu. "Hiki cha mama yako," alisema. Akalitazama beseni. "Na hili ni la mama yako." Akatazama kandambili zake. "Hizi aliziacha shemeji yako. Basi mimi sina."

"Nitakuachia ukurasa hata hivyo."

"Usijisumbue, mwanangu. Wewe niwekee kiti cha mbele siku hiyo. Sherehe zote za nyumba hii nazisikilizia ukutani."

Masjala alitoa kalamu, akaandika: kiti kimoja, mbele. Ukurasa wa tisa akauacha mtupu.

Wa kwanza kuleta kitu alikuwa kaka yake mkubwa. Huyu walimwita Mkuu, kwa kuwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule kwa miaka mingi, na hata sasa alipoingia sebuleni watu walijikuta wamesimama. Alileta buti la mpira la mguu wa kushoto, refu mpaka gotini. Aliliweka mezani kama mtu anayeweka taji.

"Siku ya mafuriko," alisema. "Andika."

Kisa hicho Masjala alikijua kwa moyo. Mama alishikwa na tumbo, barabara zilikuwa zimekatika, na Mkuu, kijana wa miaka ishirini na minne, alimbeba mgongoni akakata naye maji mpaka hospitali. Buti la kulia lilichukuliwa na mkondo.

"Maji yalinifika hapa," Mkuu alisema, akagusa kifua.

Masjala alikumbuka kwamba hapo mwanzo maji yalimfika magotini. Baadaye yalipanda kiunoni, na harusini kwa mdogo wao yalifika kitovuni. Mvua ile ilikatika miaka thelathini na minane iliyopita, lakini maji yalikuwa bado yanapanda. Aliandika kifua kama alivyoambiwa. Alitengeneza mfuko wa karatasi ngumu kwenye ukurasa wa tatu, akalitumbukiza buti, akalishona kwa uzi wa viatu, akaongeza gundi kwa usalama, kisha akaenda kuchemsha chai.

Aliporudi, buti lilikuwa limekwisha kutoka mfukoni. Lilikuwa linavuka ukurasa wa sita, polepole, likiinua kisigino kwanza kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Lilipofika ukingoni mwa ukurasa wa tisa lilisimama, likajipangusa soli kwenye karatasi ya nane, likaingia. Likajilaza kwa ubavu. Masjala alivuta, halikutoka. Alinusa, akaona hapakuwa na gundi yoyote pale chini.

Alikunywa chai yake kwanza. Kisha akampigia simu kaka yake.

"Kitu chako kimehama," alisema.

"Kimehamia wapi?"

"Ukurasa wa tisa. Kwa Mama Mdogo."

"Bila kibali?"

"Bila kibali."

"Basi kirudishe."

Masjala alilirudisha buti mara tatu siku hiyo, na mara tatu likahama. Kule ofisini jalada lililotoka sehemu moja kwenda nyingine liliandikwa kwenye daftari maalumu, ili mtu asije akalitafuta akalikosa. Alichukua daftari jipya, akachora mistari, akaandika: Buti. Limetoka uk. 3. Limeingia uk. 9. Sababu. Chini ya sababu hakujua aweke nini, akaacha nafasi.

Jumatano alikuja mdogo wao wa kike na mumewe. Mdogo huyu aliitwa Bi Harusi. Alikuwa ameolewa miaka ishirini na minne, lakini harusi yake ilikuwa imefana kiasi kwamba hakuna aliyepata nguvu ya kumbadilishia jina, na mwenyewe hakuomba. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu mkimya, na katika nyumba hiyo kila mtu alimwita Shemeji, hata Mama.

Bi Harusi alileta utepe mweupe uliotoka kwenye gauni lake. Alisimulia jinsi gauni lilivyoshonwa na fundi mashuhuri aliyesomea ushonaji ng'ambo, jinsi fundi huyo alivyopima kiuno chake na kusema hajawahi kuona kiuno kama kile, na jinsi wageni walivyosahau kula. Masjala aliandika yote. Aliubandika utepe kwenye ukurasa wa tano, kwa upinde mzuri. Wote watatu wakawa wanautazama.

Upinde ulijifungua wenyewe. Utepe ulinyooka, ukatambaa juu ya ukurasa wa sita, wa saba na wa nane, ukajizungusha kwenye shingo ya buti, ukajifunga upya. Safari hii ulijifunga vizuri zaidi.

"Ni unyevu," Shemeji alisema.

"Unyevu unatembea?" Bi Harusi aliuliza.

"Kwenye friji unatembea sana."

Shemeji alitoka nje kwenye gari lake, akarudi na kopo la gundi kali, ile ya kushikishia soli za viatu. Aliupaka utepe, akaupaka ukurasa wa tano, akakandamiza kwa kidole gumba na kuhesabu mpaka mia. Alipomaliza kuhesabu utepe ulikuwa ukurasa wa tisa, na kilichobaki kwenye ukurasa wa tano ni kidole chake. Walijaribu maji ya moto, wakajaribu mafuta ya taa. Kwa kuwa alikuwa amekwama hapo na hana pa kwenda, Masjala aliona ni wakati mzuri wa kuchukua kisa chake.

"Kitu chako ni kipi, Shemeji?"

Kwa mkono uliokuwa huru, Shemeji alitoa bisibisi kwenye mfuko wa shati. "Hii bisibisi niliikuta ndani ya friji la mteja," alisema. "Sikuirudisha."

"Endelea."

"Imeisha."

Masjala aliiweka bisibisi kwenye ukurasa wa sita ili aandike. Alipotaka kuisogeza apake gundi, haikusogea. Ilikuwa imeshika barabara, kama imeota pale. Kidole cha Shemeji kikaachia chenyewe. Bi Harusi aliitazama bisibisi ya mumewe kwa muda, kisha akautazama utepe.

"Lile gauni," alisema taratibu, "yule fundi alilikata. Akalikata vibaya. Lilikuwa na mikono mitatu."

"Nani alilishona?"

"Sikuuliza. Niliamka asubuhi nikalikuta limeshonwa, limepigwa pasi. Wewe siku ya harusi yako ungeuliza?"

Masjala aliingia jikoni. Mama Mdogo alikuwa anasugua sufuria kubwa, mikono imezama mpaka viwikoni.

"Mama Mdogo, gauni la Bi Harusi alilishona nani?"

"Lilikuwa na mikono mitatu," Mama Mdogo alisema. "Nilitoa mmoja. Huo utepe ulitoka kwenye huo mkono."

"Na siku ya mafuriko, nani alimbeba Mama?"

"Kaka yako alikuwa na mafua."

"Kwa hiyo nani?"

"Mimi. Niliazima mabuti yake, yakanibana sana. Lile la kulia nililitupa mwenyewe njiani, halikuchukuliwa na maji." Alisuuza sufuria, akaigeuza, akaitazama ndani. "Mwambie anisamehe."

Masjala alirudi mezani akafungua daftari. Kwenye ile nafasi ya sababu aliandika: Limemfuata mwenyewe.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Saa ya marehemu Baba, ambayo kisa chake kilikuwa kwamba Baba hakuchelewa kazini hata siku moja maishani, ilihama Alhamisi kabla wino haujakauka, kwa sababu aliyekuwa akimwamsha Baba alikuwa Mama Mdogo. Mwiko wa Mama ulihama wakati Mama mwenyewe anasimulia, katikati ya sentensi. Vitu vya wajukuu vilikwenda kwa pamoja, jino la maziwa mbele na kofia ya shule nyuma. Ijumaa mchana kitabu hakikufungika tena. Kila kilipofunikwa kilijifungua penye ukurasa wa tisa, na meza ikaanza kuinama upande huo.

Kilibaki kitu cha Masjala mwenyewe.

Kilikuwa muhuri wa mpira wenye mpini wa mbao, ulioandikwa IMEPOKELEWA. Ofisi ilimpa kama zawadi ya kuagwa. Kisa chake alikuwa amekisimulia kwa kila karani mpya aliyeingia masjala: jinsi waombaji arobaini walivyoandika barua za kuomba nafasi moja, na jinsi bosi alivyoiinua barua yake dirishani, akasema mwandiko kama huu haufai kuachwa nje ya serikali. Alikiandika chini ya jina lake kwenye ukurasa wa nne, sentensi sita. Akaubandika muhuri. Akakaa kitako, mikono mapajani, akangoja.

Muhuri uling'oka. Haukuwa na miguu kama buti wala haukuweza kutambaa kama utepe, kwa hiyo uliruka, na kila ulipotua uligonga. IMEPOKELEWA kwenye ukurasa wa tano. IMEPOKELEWA kwenye bisibisi ya Shemeji. IMEPOKELEWA mara mbili kwenye ukurasa wa saba. Ulipofika wa tisa uligonga mara ya mwisho, taratibu, ukasimama kwa mpini wake.

Masjala hakuhitaji kwenda jikoni kuuliza. Mwaka ule alikuwa ameteguka mkono. Mama Mdogo ndiye aliyekaa na karatasi kwenye kona ya meza ya jikoni, akaandika barua aliyoambiwa aandike, akapuliza wino, akarudi kwenye vyombo. Mama Mdogo alikuwa na mwandiko mzuri kuliko watu wote aliowahi kuwajua, na hakuwa na mahali pa kuutumia isipokuwa orodha ya vitu vya sokoni. Mwandiko wa Masjala mwenyewe ulikuwa kama kuku amepita. Alipoajiriwa alipewa mashine ya kupiga chapa, na hakuna aliyewahi kumwomba aandike kwa mkono. Alikuwa amekisimulia kisa kile miaka thelathini na sita, na kwa miaka thelathini hivi alikuwa amekiamini.

Uso ulimwaka. Ilimjia kwamba kazi yake yote, cheo chake na hata jina lake la utani alikuwa ameazima, kama zile kandambili za jikoni. Kisha akachukua kalamu na kuanza kuandika chini ya jina la Mama Mdogo, kwa mwandiko wake mbaya, kisa cha kila kitu kilivyotokea kweli. Cha buti. Cha mkono wa tatu. Cha saa ya Baba. Cha barua akakiandika mwisho, akakifuta, akakiandika tena. Vitu vilisogea pembeni kumpa nafasi.

Jumamosi asubuhi, saa chache kabla ya sherehe, aliwaita ndugu zake mezani wasome. Mama alikuwepo, kwenye kiti chake chenye mito.

Mkuu alisoma kwa muda mrefu. "Hii ya buti," alisema mwishoni, "ingeandikwa hivi: tulimbeba."

Buti lilijigeuza, likamwonyesha soli.

"Mkuu, ulikuwa na mafua," Masjala alisema.

"Mafua makali."

"Mama, wewe ulijua?"

"Mimi ndiye niliyebebwa," Mama alisema. "Mgongo wa mdogo wangu nitaacha kuujua? Una mfupa hapa katikati, uliniumiza njia nzima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kaka yenu alikuwa anasimulia vizuri."

Hakuna aliyepinga. Mkuu kweli alikuwa anasimulia vizuri. Bi Harusi aliuliza kama mbele ya wageni ile mikono mitatu inaweza kuwa miwili, Masjala akasema hapana, na utepe ukakaza fundo. Walikubaliana kwamba ukurasa wa tisa usomwe wote, kama ulivyo. Mama Mdogo alipita na sinia la glasi, wakamwambia. Alisimama, akalitazama rundo la vitu vilivyobanana juu ya jina lake.

"Hilo buti lina tope," alisema. "Litachafua karatasi."

"Ni vitu vyako, Mama Mdogo," Masjala alisema. "Vimekuja vyenyewe."

"Sasa mimi nitaviweka wapi? Stoo kumejaa." Lakini hakuondoka mara moja. Aliuinua muhuri, akayasoma maandishi yake, akaurudisha palepale kwa uangalifu. "Kiti umeniwekea?"

"Nimekuwekea."

Na kweli alikuwa amekiweka. Uani kulikuwa na viti thelathini vya plastiki, na sita vya mbele vilikuwa na karatasi zilizopigwa chapa. Mama. Mkuu. Masjala. Bi Harusi. Shemeji. Cha sita, cha mwisho upande wa kulia, kiliandikwa MAMA MDOGO, kwa herufi kubwa, na Masjala alikuwa ameibandika karatasi hiyo kwa selotepu pande zote nne.

Saa tisa alasiri wageni walifika. Kitabu kilibebwa na wanaume wanne. Kilipowekwa kwenye meza ya keki, miguu ya meza iliingia ardhini kiasi cha shubiri moja na keki ikaanza kuteleza. Walikiinua tena. Wakasimama nacho katikati ya uwanja, jasho linawatoka, wakiuliza kiende wapi.

Mkuu aliangaza macho kwenye safu ya mbele. "Kiwekeni pale," alisema. "Pana jina lake."

Masjala alifungua mdomo. Kiti kilikuwa kimeandikwa Mama Mdogo. Ukurasa uliofunguka ulikuwa umeandikwa Mama Mdogo. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa amefundisha watu kwamba jalada huwekwa penye jina lake na si pengine popote, na alitafuta kosa katika mpangilio huo asilione. Alifunga mdomo. Kitabu kilikaa kitini vizuri, kikiegemea nyuma.

Mama Mdogo alitokea kwenye mlango wa jikoni na birika la chai. Alikiona kiti. Akakiona kitabu. Aliingia ndani tena kuongeza vikombe.

Mkuu ndiye aliyesoma, kwa sababu ndiye mwenye sauti. Alisimama kando ya kitabu, akavaa miwani, akaanza na buti. Alisoma polepole, akitua mahali pa kutua. Alipofika kwenye mwanamke anayekata maji kwa viatu vinavyombana, dada yake mgonjwa mgongoni, sauti ilimkatika na ikabidi ashike kitambaa. Wanawake wa safu ya tatu walianza kulia. Wageni walicheka sana kwenye mkono wa tatu, na Bi Harusi, aliyekuwa ameinamisha uso, aliinua kichwa na kupunga mkono kidogo. Kilipofika kisa cha barua, Masjala alitazama viatu vyake. Alingoja watu wageuke kumtazama. Waligeuka, wakamtazama kwa huruma, na mwanamke mmoja akamkanda bega.

Alisimama, akaenda mpaka mlango wa jikoni. Mama Mdogo alikuwa amesimama hapo ndani, sikio ukutani, sinia mkononi.

"Njoo ukae kwenye kiti changu," Masjala alisema.

"Nasikia vizuri tu hapa. Yule anasoma vizuri."

"Njoo, Mama Mdogo."

"Nani atatoa keki?" Mama Mdogo aliuliza, na lilikuwa swali la kweli, akangoja jibu. Masjala alifikiria. Alikumbuka kwamba hajui visu vya keki vinakaa wapi, ingawa alikuwa amevipa namba. "Rudi ukakae, mwanangu. Watu watadhani kuna tatizo."

Masjala alirudi, akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake.

Mwisho wa kusoma watu walipiga makofi wamesimama. Wengi walimwendea Mkuu, wakamshika mkono kwa mikono yao miwili. Walimwambia hawajawahi kusikia usomaji kama ule. Walimwambia si kila mwanamume anaweza kusimama mbele ya watu akasema ukweli namna ile. Mkuu alisema amefanya tu wajibu wake. Mtu mmoja aliomba Mama Mdogo asimame wamwone, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kusimama, anakata keki, walimpigia makofi hivyohivyo alivyo. Alikata vipande thelathini. Kabla ya jioni Mkuu alikuwa ameshapata mialiko miwili ya kwenda kusoma kisa cha buti mahali pengine.

Sherehe ilipokwisha kitabu kilihamishiwa sebuleni, kikapewa kona yake karibu na dirisha. Walidhani mambo yametulia. Lakini wiki iliyofuata, siku moja wakati wa kuanua nguo, kibirika kilipanda ngazi za mbele, kikagonga mlango kwa mdomo wake, na kilipofunguliwa kikaenda moja kwa moja ukurasa wa tisa. Nusu saa baadaye jirani wa kulia alikuja na kuuliza kama kibirika chake kimeonekana upande huu. Walimwonyesha. Jirani alikitazama, akasema kweli, mwaka ule walipougua nyumba nzima, kuna mtu alikuwa anawapitishia chai juu ya ukuta, na hawakuwahi kuuliza ni nani. Alikaa kidogo, akanywa chai, akaenda zake.

Baadaye vikaja vitu vya mtaa mzima. Ilikuja fimbo ya mzee wa nyumba ya pembeni. Ilikuja kofia ya kuhitimu ya daktari, yenye kishada, ikifuatwa na daktari mwenyewe aliyetaka tu kujua imefika salama. Baiskeli moja haikuingia kwenye ukurasa, ikaegemezwa ukingoni. Masjala alijaza daftari la kwanza akaanza la pili, na siku za Jumapili watu walikuwa wanakuja na watoto wao kuvitembelea vitu, wakisimama mbele ya ukurasa wa tisa wamevua kofia, wakisema huyu mama ni mtu wa ajabu. Kisha waliomba maji ya kunywa, na Mama Mdogo akawaletea.

Tatizo lilikuwa vumbi. Kona ile ilikuwa ya dirishani, na vitu vilikuwa mia na kumi na viwili. Masjala alipiga chapa ratiba ya zamu ya kufuta, akaitundika ukutani: Mkuu, Masjala, Bi Harusi, Shemeji. Mkuu alikuwa amepata mwaliko wa sita. Bi Harusi akipata vumbi anapiga chafya mpaka anashikwa na kiuno. Shemeji alifika zamu yake, akafuta bisibisi, akaondoka. Masjala alifuta kwa wiki mbili, kisha ilibidi aanze daftari la tatu, na mtu akiwa na kazi ya kuandika, mikono haiwezi kuwa na maji.

Kwa hiyo sasa, kila siku baada ya vyombo vya mchana, Mama Mdogo huja sebuleni na kitambaa kibichi na kindoo kidogo, ndoo namba saba. Huanza juu akashuka. Vitu humwinukia kimoja kimoja ili afute na chini yake, kisha hurudi mahali pake. Inamchukua kama saa moja na nusu. Mama, kwenye kiti chake chenye mito, humtazama.

"Usisahau na hicho kibirika cha jirani," Mama husema.

"Nimekiona," Mama Mdogo husema, akakamua kitambaa.